Mlango Umesimama, Nyumba Imelala

Kama ilivyo ada ya kijitabu hiki, kabla hatujafika kwenye kurasa za michango tunaweka kwanza habari moja ya historia ya kwetu. Mwaka huu habari yenyewe mmetuchagulia ninyi. Katika harambee iliyopita swali lililoulizwa kuliko yote lilikuwa hili: miaka yote tunasikia Kilwa imepata fedha za wafadhili za kuhifadhi mambo ya kale, mbona Kivinje nyumba zinazidi kuanguka? Fedha hizo zinakwenda wapi?

Swali ni la haki na linataka jibu la kweli. Tumeliandika hapa, na tunaomba radhi mapema kwa kuwa halitampendeza kila mtu. Sehemu ya lawama iko mbali na sisi, na sehemu nyingine iko barazani petu wenyewe.

Tuanze na jina. Mgeni akisikia "Kilwa" hudhani ni mahali pamoja, na hata watoto wetu waliozaliwa mjini siku hizi huchanganya. Kilwa ziko tatu. Ya kwanza ni Kisiwani, mji wa masultani, ule aliofika Ibn Battuta mwaka 1331, wenye Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Ya pili ni Kivinje yetu, bara, kaskazini ya Kisiwani. Ya tatu ni Masoko, makao makuu ya wilaya ya leo, mji mdogo kwa umri kuliko ndugu zake wote. Kila mmoja ulikua kwa kumnyang'anya mwenzake. Kivinje ilipata nguvu katika karne ya 19 wakati Kisiwani inakufa. Sultani wa mwisho wa Kisiwani alichukuliwa na watu wa Seyyid Said akapelekwa Uarabuni katika miaka ya 1840, na biashara yote ikawa imeshavuka kuja upande wetu. Baadaye, wakati wa Mwingereza, sisi nasi tukanyang'anywa na Masoko.

Kivinje ilikuwa mdomo wa njia ndefu ya misafara iliyotoka Ziwa Nyasa. Wayao walileta pembe. Kutoka maporini karibu ilikuja sandarusi, na baadaye mpira. Na walikuja watu, wamefungwa shingo kwa shingo. Hapa hatutazunguka. Katika miaka ya 1860 sehemu kubwa kabisa ya watumwa walioingia soko la Unguja ilipitia bandari za Kilwa, na Kilwa ya zama hizo maana yake ni Kivinje. Majumba ya mawe tunayoyaonea fahari, yenye milango ya nakshi na roshani, mengi yalisimamishwa kwa faida za biashara hiyo au za wale walioikopesha. Mkataba wa mwaka 1873 aliotia sahihi Sultani Barghash ulifunga soko la Unguja na kukataza kusafirisha watumwa baharini. Mwaka 1876 akapiga marufuku na misafara ya nchi kavu. Hata hivyo biashara haikukatika siku moja. Iliendelea kwa njia za vichochoroni miaka mingi.

Tunalisema hili katika kijitabu cha harambee kwa sababu maalumu. Wako ndugu waliotuambia: "Hiyo nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa mnataka kuikarabati ya nini? Iacheni ianguke." Tumewasikia. Lakini katika sisi tunaosoma ukurasa huu wamo wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa, na mara nyingi ni mjukuu mmoja. Nyumba ikianguka, uovu uliofanyika ndani yake haufutiki, ila ushahidi wake unapotea, na baada ya hapo kila mtu anaweza kusimulia apendavyo. Tukikarabati, basi pawe na maneno ukutani yanayosema ukweli wote. Hilo tulishapatana katika mkutano wa wanachama na halina mjadala tena.

Historia yetu ina upande mwingine pia. Septemba 1888, Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilipojaribu kuchukua pwani kwa bendera na forodha, Kivinje ilikuwa miongoni mwa miji iliyokataa. Wajerumani wawili wa kampuni waliuawa hapa mjini. Mpaka leo wana kumbukumbu yao ya jiwe, na watoto wetu huicheza kando yake bila kujua ni ya nani. Jeshi la Wissmann liliirudisha Kivinje mikononi mwa Wajerumani Mei 1890. Miaka mitano baadaye, Hassan bin Omari Makunganya, aliyekuwa amewasumbua kwa muda mrefu kutoka bara, alikamatwa, na Novemba 1895 akanyongwa hapa pamoja na wenzake. Mwembe walioning'inizwa ndio uliotupa jina la Mwembe Kinyonga, na ndio maana hospitali yetu ya wilaya inaitwa Kinyonga. Wangapi kati yetu tumezaliwa katika hospitali hiyo bila kuulizana jina lilitoka wapi?

Vita vya Majimaji navyo vilianza ndani ya wilaya iliyokuwa ikitawaliwa kutoka kwenye Boma letu. Julai 1905, kule Nandete katika vilima vya Matumbi, watu waling'oa pamba ya kulazimishwa. Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro mapema Agosti. Mambo ya baadaye, njaa na vijiji vilivyoteketezwa hadi 1907, hayahitaji sisi kuyaeleza upya kwa watu wa Kilwa. Tunataka mtazame tu lile Boma pale pwani kwa jicho lingine. Amri zile ziliandikwa ndani ya kuta zile.

Mji ulikufaje basi? Si kwa vita. Uliuawa na kina cha maji. Bandari ya Kivinje ni tope na mchanga. Maji yakitoka, jahazi linalala ubavu mpaka maji yajae tena. Kwa majahazi hapakuwa na tatizo, na mpaka leo wavuvi wetu wanaishi kwa saa za maji. Kwa meli za chuma ilikuwa shida. Masoko ina maji ya kina, na serikali ya Mwingereza ikahamishia makao ya wilaya huko. Karani akihama, hakimu huhama. Hakimu akihama, mwenye duka la vitambaa hufunga mlango. Baada ya uhuru Wahindi wengi wa mtaa wa madukani wakaondoka polepole, wengine Dar es Salaam, wengine Canada na Uingereza. Nyumba zao zikabaki na wapangaji, na walinzi ambao mshahara wao ulikatika zamani, na ndugu wa mke wa mlinzi.

Hivyo ndivyo mtaa wa madukani ulivyofika hapa ulipo. Sasa tuingie kwenye fedha.

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2004 yakaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa bahari ilikuwa ikila fukwe na kuta zilikuwa zikiporomoka. Kuitwa "hatarini" kuna faida yake: wafadhili waliitika. Ilikuja misaada ya Ufaransa, ukaja na Mfuko wa Balozi wa Marekani wa Kuhifadhi Utamaduni, na wataalamu wakafanya kazi na Idara ya Mambo ya Kale. Vijana wa Kisiwani walifundishwa kupanga mawe na kuchanganya chokaa. Mwaka 2014 magofu yakatolewa katika orodha ya hatari. Kazi hiyo ilikuwa nzuri na tunaipongeza bila kijicho. Fedha "za Kilwa" mlizozisikia, kwa sehemu kubwa, ni hizo. Zilikwenda Kisiwani na Songo Mnara kwa sababu ndiko zilikoombewa.

Kivinje haimo katika mpaka wa urithi ule. Tukitazama Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 tunaona jambo la kushangaza. Sheria inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo linahitaji kutangazwa na Waziri ndipo lilindwe. Sasa hesabuni wenyewe: nyumba nyingi za mtaa wa madukani, na Boma lenyewe, ni za baada ya mwaka huo. Lakini sheria hiyohiyo inalinda mlango wowote wa mbao uliochongwa nakshi hapa nchini kabla ya mwaka 1940, pamoja na fremu yake. Kwa hiyo kwetu Kivinje mlango unaweza kuwa mali inayolindwa na sheria ya nchi, na ukuta ulioushika mlango huo usiwe chochote.

Hili tumeliona kwa macho. Baadhi yenu mnaikumbuka nyumba ile ya ghorofa karibu na soko, yenye duka chini na roshani juu. Miaka michache iliyopita alikuja dalali kutoka mbali akataka kununua mlango wake. Warithi wawili walikuwa wameshapokea kishika uchumba. Wazee wa barazani waliposikia, walikwenda wakakaa kibarazani pa nyumba hiyo tangu alasiri hadi isha, wanacheza bao, na fundi aliyekuja na nyundo na tindo akakosa pa kusimama. Tukawapelekea nakala ya sheria, dalali akaondoka, fedha zikarudishwa baada ya maneno mengi. Tulifurahi sana siku ile, tukajiona tumeokoa urithi. Masika iliyofuata paa likaingia ndani, na ghorofa nzima ikashuka. Alhamdulillahi hapakuwa na mtu ndani. Mlango umesimama mpaka leo, una kufuli, na nyuma yake kuna kifusi na mpapai.

Tulitetea mlango kwa kuwa mlango ulikuwa na mnunuzi, na paa halikuwa na mnunuzi wala mtetezi.

Kabla ya hapo tulikuwa tumejaribu kuombea ruzuku nyumba hiyohiyo. Tuliandika andiko la mradi, tukaweka picha, tukaeleza historia, tukaahidi chumba cha maktaba na duka la kina mama wanaosuka mikeka na kukaanga pweza. Wafadhili tuliowaendea hawakuikataa historia. Waliuliza swali moja: nyumba ni ya nani? Tukaanza kutafuta. Aliyeijenga amekufa zaidi ya miaka 80 iliyopita. Mirathi haikufunguliwa, wala wanawe walipokufa haikufunguliwa. Tulihesabu warithi 14 walio hai, wengine Temeke, wengine Unguja, mmoja Muscat, na wawili ambao hawasemezani tangu msiba wa mama yao. Hatukuweza kujaza nafasi ya "mmiliki" katika fomu. Andiko likarudi, na waliolirudisha walikuwa na haki. Nani angetoa fedha za umma wake kujenga nyumba ambayo kesho yake warithi watapigana na kuiuza?

Hapa ndipo magofu yanapotushinda. Msikiti Mkuu wa Kisiwani hauna mrithi anayedai thumuni yake. Gofu ni la serikali, linasubiri kwa utulivu mpaka fedha zije. Nyumba yenye watu ina mke mkubwa na mke mdogo, ina mtoto wa nje, ina mpangaji aliyekaa miaka 30 na kujenga choo kwa fedha yake. Fedha za kuhifadhi huenda kwenye mawe yasiyo na ugomvi.

Kuna waliouliza pia kuhusu mifuko ya maendeleo ya nchini. TASAF ilipoanza mwaka 2000, wananchi walikaa katika mikutano wakachagua miradi yao na kuchangia nguvu zao, na kote nchini watu walichagua madarasa, zahanati, visima na barabara. Hata sisi tungechagua hivyo. Mama mwenye mtoto anayesomea chini ya mti ukimwambia achague kati ya darasa na roshani ya marehemu mwenye duka, anajua la kuchagua. Kosa letu ni kuziweka hizo mbili kama zinashindana. Nyumba ya zamani yenye kuta nzima inaweza kuwa kituo cha chekechea, ofisi ya ushirika wa wavuvi, au ghala la samaki wakavu. Hatukuwahi kuipeleka mezani kwa sura hiyo. Siku zote tumeipeleka kama "urithi", na urithi peke yake hauna wanafunzi wala wagonjwa.

Wenzetu wa Mikindani wana mfano wa karibu. Mji wao ulipigwa pigo kama letu: bandari ya maji ya kina ikajengwa Mtwara, hatua chache tu kutoka kwao, wakati wa ule mradi wa karanga wa Mwingereza. Boma lao la mwaka 1895 likawa gofu. Katika miaka ya 1990 shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lilishirikiana na wenyeji kulikarabati, likawa hoteli ambayo pia inafundisha vijana kazi za hoteli. Yako ya kulaumu, maana hoteli moja haiwezi kubeba mji, na si kila mwenyeji anayeweza kunywa hata chai pale. Lakini jengo lina paa, lina kazi, na lina mtu anayefagia kila asubuhi. Jengo linalofagiliwa kila asubuhi ufa wake huonekana ungali mdogo.

Wako na mifano ya kutahadhari. Lamu imo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, na nyumba nyingi zimekarabatiwa vizuri sana. Lakini baadhi ya wenyeji waliuza kwa wageni wa Ulaya, wakahamia pembezoni, na leo hupita mbele ya nyumba ya babu yao wakielekea kufanya kazi ndani yake. Unguja wana mji mkongwe wenye mamlaka yake ya kuhifadhi tangu miaka ya 1980 na sifa ya dunia tangu mwaka 2000. Hospitali ile ya zamani ya pwani ilikarabatiwa na Aga Khan ikapendeza. Na hatua chache kutoka hapo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka katikati ya matengenezo yaliyokuwa yakifadhiliwa na Oman, na watu wawili wakapoteza maisha. Hayo yalitokea mahali penye sifa, wataalamu na fedha. Kwa hiyo msituone wazito tunaposema tusiguse ukuta kabla ya kuujua.

Kuujua ukuta wenyewe ni elimu, na iko kwetu, ila wenye nayo wanapungua. Nyumba za zamani za Kivinje zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba na virefu: upana wa chumba ni urefu wa boriti. Ukuta ni mnene, na chokaa inapumua. Unyevu unaopanda kutoka chini au kuingia na mvua hutoka tena jua likiwaka. Ukiupiga ukuta huo saruji, nje unang'aa, na kwa mwaka wa kwanza utasifiwa. Ndani, maji yamefungiwa na chumvi pamoja nayo. Mwaka wa tatu plasta inabanduka kama ngozi ya nyoka na kuondoka na jiwe lake. Msikiti mmoja wa mtaani tuliuchangia sisi wenyewe kwa nia njema, tukalipa mifuko ya saruji, na leo kuta zake zinalia maji kuliko kabla hatujazigusa. Tumeona tuliseme, kwa kuwa fedha zilikuwa zenu.

Fundi mzee mmoja wa Kivinje anakumbuka jinsi tanuu la chokaa lilivyopangwa: magogo kwa duara, matumbawe juu, moto usiku kucha, kisha chokaa kumwagiwa maji shimoni na kuachwa ilale kwa majuma na miezi, imefunikwa, mpaka iwe laini kama samli. Kuchoma matumbawe siku hizi hakufai; tukiua miamba tutakula nini, sisi watu wa pweza? Chokaa ya mawe ya nchi kavu inachomwa Tanga na inaweza kuletwa. Boriti nazo zinataka kibali cha Wakala wa Misitu, na ni vizuri iwe hivyo. Yote haya yanawezekana, ila yanataka mtu wa kufuatilia, na yanataka vijana wanne au watano wa kukaa na mzee yule kabla hajachoka.

Sasa hapa ndipo tulipofika katika mwaka uliopita. Tuliacha kutafuta ruzuku ya nyumba, tukaanza kutafuta nyumba inayoweza kupokea ruzuku. Tulipita mtaa wa madukani mlango kwa mlango tukiwa na daftari. Tuliandika nani anakaa, nani anadai, paa likoje, mlango upo au umeng'olewa, choo kiko wapi. Kwa familia tatu tulikaa vikao. Moja walitufukuza kwa adabu. Ya pili wanaendelea kuzungumza. Ya tatu ni ya bi mkubwa mmoja anayeishi na wajukuu katika vyumba viwili vya chini, juu hapakaliki. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Mkishamaliza kuipamba, mimi nitakaa wapi?" Hatukuwa na jibu siku ile. Tuliporudi mara ya pili tulikwenda na karatasi, iliyoandikwa na wakili mzaliwa wa kwetu bila kudai ada, inayosema kwamba haki yake ya kukaa chini haiondoki maisha yake yote, na kwamba ghorofa ya juu ikipata mpangaji, kodi inagawanywa kati ya warithi na mfuko wa matengenezo ya nyumba hiyohiyo. Akaomba asomewe mara mbili. Kisha akawaita wanawe kwa simu, mmoja mmoja, mbele yetu.

Warithi wa nyumba hiyo wamekubali kumteua msimamizi mmoja wa mirathi, na shauri liko Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akishathibitishwa, kwa mara ya kwanza tutakuwa na nyumba moja ya mtaa wa madukani ambayo nafasi ya "mmiliki" katika fomu ya ruzuku inajazika. Tumeshazungumza na halmashauri kuhusu kuitumia ghorofa ya juu, na kina mama wa ushirika wameikagua wakasema ngazi ni kali mno kwa wazee. Wana haki, nalo limo katika michoro.

Lakini masika haingoji mahakama. Kwa hiyo michango ya mwaka huu haiendi kwenye rangi, wala nakshi, wala kibao cha majina ya waliochangia. Inaenda kwenye paa la muda la mabati juu ya nyumba ya bi mkubwa, nguzo za kushikilia ghorofa, shimo la chokaa na posho ya vijana watakaojifunza kwa mzee fundi, na ada za mahakama za familia zitakazokubali kufungua mirathi. Tunajua paa la mabati juu ya nyumba ya kale halipendezi, na mtu ataipiga picha na kutucheka katika kundi la WhatsApp. Acheni acheke, maadamu ghorofa haijashuka.

Hesabu kamili ziko katika kurasa za michango zinazofuata, pamoja na zile za msikiti uliopigwa saruji. Tunaomba na jambo moja lisilolipwa kwa fedha. Siku ya harambee, karibu na meza ya mweka hazina, patakuwa na meza ya pili yenye lile daftari la mtaa wa madukani. Mwenye nyumba ya babu Kivinje, au anayedhani anayo sehemu yake, apite hapo aandikishe jina lake, majina ya ndugu zake anaowajua, na walipo. Mwenye hati ya zamani, stakabadhi ya kodi ya jengo, barua, au picha ya mtaa kabla haujaporomoka, aje nayo. Tutaipiga picha palepale na kumrudishia mkononi. Wawili wale wasiosemezana tangu msiba wa mama yao tumewaalika wote, na tumewapangia viti mbalimbali.